Linux kwenye kompyuta yenye Windows: njia ipi inagusa diski yako, na ipi haiigusi

Mama mwenye steshenari mtaani kwetu alinijia jioni moja na laptopu kwapani, kaibeba kama mtoto mwenye homa. Ni HP EliteBook 840 G3, zile zinazotufikia zikiwa zimeshamaliza utumishi wao maofisini huko nje, na bado imara kuliko nyingi mpya za bei hiyo. "Kaka, eti Windows imekufa?"

Kabla yangu alikuwa ameshauliza watu watatu. Wa kwanza alimwambia anunue kompyuta mpya, hii basi tena. Wa pili alimwambia aweke Linux, ni bure. Wa tatu akamtisha: Linux ikiingia inafagia kila kitu, CV za wateja, barua za maombi, picha za pasipoti, hata hesabu za madeni. Kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana mama wa watu alichanganyikiwa. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa.

Tuanze na huo msiba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo ilioutoa Julai 2015. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki kwa sababu hiyo. Inawaka, inachapa, inaingia mtandaoni kama jana. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya bure, yaani viraka vya kuziba matundu yanayogunduliwa kila mwezi. Chukulia fundi wa makufuli ameacha kupita mtaani: mlango wako bado unafungwa, ila siku wezi wakichonga ufunguo unaofungua kufuli za aina hiyo, hakuna atakayekuja kuibadilisha. Watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate viraka vya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Hiyo ni ahueni, dawa ni kitu kingine.

Kwa nini asihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache mno. G3 ya mama ni kizazi cha 6. ThinkPad T460 nayo ni kizazi cha 6, na Latitude E7470 vilevile. Kwa maneno mengine, laptopu nyingi za mitumba zinazofanya kazi kwenye steshenari, shule na ofisi ndogo za kwetu zimeachwa kituoni. Ndipo jina la Linux linapoanza kutajwa na watu ambao mwaka juzi hawakuwa na haja nalo.

Dereva, konda na abiria

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni daladala isiyo na dereva wala konda. Injini ipo, viti vipo, lakini hakuna wa kuwasha wala wa kupanga nani akae wapi na nani ashuke. Mfumo endeshi ndio unaofanya kazi hizo: unagawa kumbukumbu, unaongea na skrini, printa na Wi-Fi, unapanga mafaili. Word, kivinjari, kicheza muziki ni abiria. Windows ni kundi moja la dereva na konda wake, macOS ya Apple ni jingine, Linux ni jingine. Na abiria hawa wana tabia moja ya ajabu: aliyezoea konda wa Windows hapandi gari la Linux hivihivi. Tutamrudia huyo baadaye, maana ndiye anayeharibu safari za wengi.

Linux yenyewe, kwa maana kamili, ni kiini tu cha mfumo. Alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akakiachia dunia ikitumie na kukirekebisha. Kiini ni mchele. Humpi mgeni mchele mkavu. Wapishi mbalimbali wameuchukua wakaupika wanavyojua, ndiyo maana kuna Ubuntu, Linux Mint, Debian, Fedora na majina mengine kibao, huitwa distro. Mmoja kapika pilau, mwingine biriani, mwingine wali wa nazi. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake haimshtui mtu aliyetoka Windows: kitufe cha menyu kiko kona ya chini kushoto, mahali mkono ulipozoea.

Anayekwambia Linux ni ya wadukuzi, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, muulize anatumia simu gani. Android imejengwa juu ya kiini hicho hicho. Mchele huu tumeula miaka.

Sasa neno la mwisho kabla ya njia zenyewe: diski. Diski ni kiwanja. Kiwanja kinaweza kuwa na mpangaji mmoja, au kikapimwa na kuwekewa mipaka, kila kipande kikaitwa patisheni. Kwenye kompyuta nyingi unazoziona na C na D, huenda ni diski moja tu iliyogawanywa. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, BIOS kwa wazee na UEFI kwa mashine za zaidi ya muongo mmoja huu, inaamka kwanza na kuuliza: leo namwamsha nani, na yuko wapi? Jibu linaweza kuwa diski ya ndani. Linaweza pia kuwa flashi uliyochomeka pembeni. Mambo mengi yanayofuata yanatokana na swali hilo moja dogo.

Mimi siku hizi mtu akiniuliza "niweke Linux gani?" namrudishia swali: uko tayari diski yako iguswe kiasi gani? Maana njia zipo kadhaa, na zinatofautiana hasa hapo.

Mgeni na mkeka wake

Njia ya kwanza haigusi diski kabisa. Unapakua faili la ISO, yaani mfumo mzima uliofungwa kwenye faili moja, la distro uliyoichagua (Mint ni kama GB 3, Ubuntu ya karibuni ni kama GB 6, kwa hiyo angalia bando), unaliandika kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo. Linux inapanda kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inakuonyesha uwanja wake mzima, yaani skrini ya kazi yenye menyu na madirisha, unafungua kivinjari, unaandika barua. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows inaamka kama vile hapakuwa na mtu. Ni mgeni aliyekuja na mkeka wake, kalala sebuleni, alfajiri kaukunja kaenda.

Hapa watu hukwama mahali pawili. Kwanza, ISO hainakiliwi kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Inaandikwa kwa programu maalumu, Rufus au balenaEtcher, na kazi hiyo inafuta kila kilichokuwemo kwenye flashi. Hapo yule mtu wa tatu alikuwa na chembe yake ya ukweli: kitu kinafutwa, ila ni flashi. Pili, lazima uiambie kompyuta iamshe flashi badala ya diski. Unabonyeza kitufe fulani mara tu inapowaka, kabla ya nembo ya Windows: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa Asus nyingi. Ukichelewa sekunde mbili umekosa basi; zima, anza tena.

Tumia usiku huo wa mgeni kumchunguza. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera? Printa ya dukani inaitika? Ukifunika laptopu na kuifunua, inaamka? Haya ndiyo maswali yanayoamua kama Linux itakaa na wewe kwa amani, na majibu yake hutegemea mashine yenyewe kuliko maneno ya mtu mtandaoni. Usihukumu kasi, kwa sababu flashi ni polepole kuliko diski. Nimesikia wengi wakisema "nilijaribu Linux ikawa nzito" kumbe walikuwa wanaiendesha kutoka kwenye flashi ya zamani ya USB 2.0.

Kuna jambo jingine utaliona ukiwa humo, na pengine litakukosesha usingizi. Ukifungua kidirisha cha mafaili utaona diski yako ya Windows, na kama haikufungwa kwa usimbaji kama BitLocker, mafaili yote yako wazi. Neno la siri la Windows halikuulizwa. Ndiyo njia mafundi wanayotumia kuokoa picha kwenye kompyuta iliyogoma kuwaka, na ni njia nzuri. Ila ina maana pia kwamba yeyote mwenye flashi ya namna hii na dakika kumi na laptopu yako anaweza kusoma mikataba ya wateja wako. Mama wa steshenari alinyamaza kidogo nilipomwonyesha hilo.

Tahadhari moja tu: kwenye uwanja huo kuna alama ya kusakinisha. Ukiibofya, mgeni anaanza kuuliza habari za hati ya kiwanja. Miaka hiyo nikiwa mgeni wa mambo haya, kwenye laptopu ya shemeji yangu, niliibofya, nikafuata maelekezo kwa Kiingereza nilichokielewa nusu, nikachagua mstari wa kwanza kwa kuwa ulikuwa wa kwanza. Mstari huo ulisema futa diski yote. Picha za harusi yao zilikuwa humo. Shemeji bado ananikaribisha kwao, lakini laptopu huiondoa mezani kwanza.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Njia ya pili haimwondoi mwenyeji wala kumlaza. Unasakinisha ndani ya Windows programu kama VirtualBox, nayo inajifanya kompyuta nzima: ina diski yake, RAM yake, kadi yake ya mtandao, vyote vya kuigiza. Ndani ya hiyo kompyuta pepe unaweka Linux. Diski yake kwa kweli ni faili moja kubwa tu, tuseme GB 25, limekaa kando ya nyaraka zako. Ukichoka, unalifuta. Ukitaka kujaribu jambo la hatari, unapiga kwanza picha ya hali ilivyo, ukiharibu unarudi pale pale. Kwa mwanafunzi hakuna shule nzuri kama hii. Vunja, jenga, vunja tena.

Gharama yake ni kwamba madereva wawili wanakula kutoka sufuria moja, kwa wakati mmoja. Kompyuta ya RAM GB 8 unaweza kumkatia mgeni GB 3 au 4 na wote wakaishi. Ya GB 4, usijisumbue, utawakosesha wote. Na kama VirtualBox inalalamika au inakataa mifumo ya biti 64, mara nyingi ni kwa sababu uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe umezimwa kwenye BIOS. Tafuta humo VT-x kwa Intel, au SVM kwa AMD, uiwashe.

Microsoft wenyewe wana njia ya jamii hiyo, iitwayo WSL, waliyoileta mwaka 2016. Unafungua dirisha la amri, unaandika `wsl --install`, na baada ya muda una Ubuntu ndani ya Windows. Toleo la pili la WSL linatumia kiini halisi cha Linux. Ni zana tamu kwa waandishi wa programu, na kwa mtu wa kawaida haina anachokitafuta: hupati uwanja wenye menyu na picha ya ukutani, unapata mahali pa kuandika amri.

Hapa ndipo naona watu wengi wanadanganyika, hata waliosoma. Ikiwa kilichokuleta kwenye Linux ni kwamba Windows 10 imeachwa bila viraka, basi kompyuta pepe na WSL hazikutatulii chochote. Mwenyeji bado ni Windows 10. Umeweka chumba kipya kizuri ndani ya nyumba ambayo fundi wa makufuli haji tena. Anayeingia kwa mlango wa mbele ameshaingia kote.

Lakini mpindue mwenyeji awe mgeni, na hesabu inabadilika. Weka Linux chini, kisha Windows iwe kompyuta pepe ndani yake, kwa ajili ya ile programu moja ya hesabu ambayo huwezi kuiacha, ukiikatia mtandao ikiwa haihitaji. Hapo tunamrudia yule abiria. Microsoft Office ya kusakinisha, Photoshop, AutoCAD, programu nyingi za mahesabu ya biashara: hazina toleo la Linux. Ipo programu iitwayo Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993, inayojaribu kumkalimanisha abiria wa Windows kwa konda wa Linux. Kwa baadhi ya programu inafanya vizuri mno, kwa nyingine inashindwa mlangoni. Usikubali ahadi ya mtu kwamba ".exe zote zinafanya kazi". Jaribu yako, hiyo unayoitumia kulia ugali.

LibreOffice huja bure na distro nyingi na hufungua nyaraka za Word na Excel. Barua na CV zitapita. Nyaraka zenye majedwali yaliyobanana au karatasi za Excel zenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha, zinaweza kufika zimepinda, na kwa mwenye steshenari hilo si jambo dogo, maana mteja atasema ni wewe uliyemharibia.

Wapangaji wawili, uzio mmoja

Njia ya tatu ndiyo mafundi wanaiita dyuali buti, na ndiyo watu wengi huwaza wakisikia "kuweka Linux pamoja na Windows". Unapunguza patisheni ya Windows, unaacha kipande kitupu, unaipa Linux kipande hicho. Mint inasema inataka GB 20 kwa uchache, mimi nisingeipa chini ya 50. Ukiwasha kompyuta, orodha inatokea: leo unaingia kwa nani? Orodha hiyo huonyeshwa na programu ndogo ya Linux iitwayo GRUB, ambaye ni bawabu.

Tumalize kwanza uvumi mmoja. Kuwa na mifumo miwili hakuifanyi kompyuta kuwa nzito. Mmoja akiwa kazini mwingine amelala fofofo, hatumii RAM wala prosesa, anakalia nafasi yake ya diski tu. Ukitaka kubadili, unazima na kuwasha upya. Huo ndio usumbufu wake, na ndio uzuri wake, kwa kuwa kila mfumo unapata nguvu zote za mashine.

Uvumi mwingine: "mafaili ya Windows hutayaona tena." Linux inasoma na kuandika kwenye patisheni za Windows bila shida. Kinyume chake ndiyo kazi: Windows, ikiachwa kama ilivyo, haisomi patisheni za kawaida za Linux, na wakati mwingine inakuuliza kama ungependa kuzifomati, yaani kuzifuta zianze upya. Jibu ni hapana. Jibu ni hapana hata ukiwa na haraka.

Sasa kwa nini bawabu hupotea? Kwenye mashine za zamani za BIOS, kiti cha bawabu kilikuwa kimoja tu, mwanzoni kabisa mwa diski, chenye baiti 512. Aliyesakinishwa mwisho ndiye aliyekikalia, na Windows haikuwa na desturi ya kuulizia mwenzake. Ndiyo maana kanuni ya wakongwe ni kupiga Windows kwanza, Linux baadaye. Kwenye UEFI mambo ni bora: kuna patisheni ndogo ya pamoja ambamo kila mfumo huweka bawabu wake, na ubao mkuu una orodha ya nani aitwe kwanza. Bado orodha hiyo hupangwa upya mara mojamoja baada ya sasisho kubwa, na mtu akaamini Linux yake imefutwa. Haijafutwa. Ingia kwenye UEFI, rudisha jina lake juu. Kuna siku lakini ugomvi huwa wa kweli: Agosti 2024 sasisho la Windows lilifunga njia kwa baadhi ya kompyuta za mifumo miwili, Linux ikakataliwa na Secure Boot, ule ulinzi unaokagua sahihi ya kila bawabu, na Microsoft ikakiri tatizo.

Kwa habari ya Secure Boot, maelekezo ya zamani yatakwambia uizime kwanza. Kwa Ubuntu, Mint, Fedora na Debian za sasa si lazima. Bawabu wao ana sahihi inayokubalika.

Vitu vitatu vinastahili kufanywa kabla ya kugusa mipaka ya kiwanja, na hapa sina mzaha. Nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje, uifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka. Kama BitLocker imewashwa, na kwenye laptopu mpya inaweza kuwa imewashwa bila wewe kujua, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike mahali; Windows ikiona utaratibu wa kuwaka umebadilika inaweza kuudai, na bila huo nyaraka zako zitakuwa makelele matupu. Halafu zima ile Fast Startup ya Windows. Ukiiacha, Windows haizimiki kwa kweli, inasinzia jicho moja wazi huku imeshikilia patisheni yake, na Linux inaweza kukataa kuiandikia. Kupunguza patisheni ya Windows kwenyewe, kufanye ukiwa ndani ya Windows, kwa kifaa chake cha Disk Management. Mwenye nyumba ndiye anayejua fanicha zimekaa wapi.

Kuna kero moja ndogo ambayo huku kwetu ina ladha yake. Linux hutunza saa ya ubao mkuu kwa muda wa dunia, UTC. Windows inadhani saa hiyo ni ya hapa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo unatoka Linux saa nane mchana, unaingia Windows, inakwambia ni saa tano asubuhi. Sisi ambao tangu shule tunajumlisha na kutoa sita kila tukitazama saa ya Kiingereza, tunaweza kukaa na kosa hili siku nzima tukidhani tumekosea hesabu. Linarekebishwa kwa amri moja upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`.

Ukikuta mafunzo ya zamani yanakufundisha kuisakinisha Ubuntu ndani ya Windows kama programu ya kawaida, kwa kitu kiitwacho Wubi, funga ukurasa. Kilikuwepo mwaka 2008, kikaachwa miaka michache baadaye.

Kubomoa, au kubadilisha kiwanja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna anayejaribu flashi, akaridhika, akaamua Windows iondoke moja kwa moja. Ni njia nyepesi kuliko zote kiufundi: chagua futa diski yote, subiri, umemaliza. Hakuna mipaka, hakuna ugomvi wa mabawabu. Ni mstari ule ule ulionigombanisha na shemeji, tofauti ni kujua unachofanya. Kwa mashine ya pili ya nyumbani au ya watoto wa shule naipenda.

Usiifanye kwa kuambiwa Linux haina virusi. Inavyo vichache vinavyolenga kompyuta za mezani, na programu hasidi za Windows nyingi hazina la kufanya humo, lakini tovuti bandia ya benki itakuibia neno la siri kwenye mfumo wowote. Wala usiikwepe kwa kudhani Linux nayo ni ya wizi, kama Windows ya kukraki. Ubuntu na Mint ni bure kwa leseni zake, kwa maandishi, hakuna wa kukudai.

Kwa mama wa steshenari sikuchagua hata moja ya hizo. Alihitaji Linux inayokwenda kwa kasi, hakutaka hatari yoyote kwa nyaraka zake, na wateja wake wawili wanataka Excel yenye makro kila mwisho wa mwezi. Laptopu kama ile hufunguka kwa bisibisi. Tukanunua SSD ndogo, diski ya kisasa yenye kasi, tukazima, tukaitoa diski yenye Windows ikiwa nzima, tukaweka hiyo mpya, tukasakinisha Mint humo. Diski ya Windows haikuwemo hata ndani ya mashine wakati wa kusakinisha, kwa hiyo hata mimi na historia yangu ya harusi nisingeweza kuifuta. (Kuna wanaosakinisha Linux kwenye SSD ya nje ya USB bila kufungua kitu. Inawezekana, ila programu ya kusakinisha inaweza kumweka bawabu wake kwenye diski ya ndani bila kukuarifu. Kama huwezi kuichomoa ya ndani, soma kila ukurasa kabla ya kubofya.)

Nyaraka zake tulizinakili kwenda Mint kupitia kijisanduku cha USB cha kusomea diski. Printa ilikubali yenyewe, skana ilichukua jioni nzima. Diski ya Windows imefungwa ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa kwa kalamu nyekundu "USIGUSE, EXCEL", iko kwenye droo chini ya karatasi za A4. Mwisho wa mwezi anaitoa, anachukua bisibisi, dakika tano. Mwezi wa pili alifanya mwenyewe, sikuitwa.